Kitabu cha Wageni

Siku Popo alipoacha kurudi nyumbani ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, wanamuziki wakiwa katikati ya mazoezi. Alikuwa juu ya jukwaa, kwenye kidaraja chembamba cha chuma, akibadilisha taa. Mlinzi wa ukumbi ndiye aliyempigia simu mkewe. "Shemeji, njoo. Popo ameteleza." Alipofika, sakafu ilikuwa imeshapigwa deki, na viti vitatu vya wapiga fidla vimesogezwa pembeni ili pakauke.

Walimwita Popo kwa sababu miaka kumi na mmoja alishinda gizani, juu ya vichwa vya watu. Alikuwa akimtania mkewe kwamba matajiri wote wa jiji anawajua kwa vipara vyao.

Wiki tatu baada ya maziko, mjane alikwenda kwa meneja pamoja na mdogo wa marehemu.

"Pole sana, mama. Sisi sote tumeumia."

"Nimeshapoa, baba. Nimekuja kuomba barua tu. Iseme alifia kazini. Bila hiyo, watu wa fidia hawanisikilizi."

Meneja akavuta kitabu kikubwa cha jalada jekundu. Kilikuwa kitabu cha wageni. Vibarua hawakuwa na vitambulisho, kwa hiyo kila asubuhi walisaini humo getini ndipo wapite. Akamgeuzia ukurasa. Mwandiko wa mumewe aliujua: jina, saa ya kuingia, na penye "Unakuja kumwona nani" ameandika "Taa". Kurasa kwa kurasa, Taa, Taa, Taa.

"Kwetu huyu alikuwa mgeni," meneja akasema kwa upole.

"Mgeni gani anapanda darini?"

"Hilo hata sisi tunajiuliza, mama."

Mdogo wa marehemu akakohoa. "Bosi, si mlikuwa mnampigia simu hata siku za mapumziko?"

"Na wewe, kijana, unafanya kazi wapi?"

"Kwa sasa nipo nipo tu."

Meneja akaweka kalamu juu ya ukurasa. Penye saa ya kutoka palikuwa patupu.

"Mkaguzi wa usalama anakuja kesho. Hatuwezi kumwachia pengo. Msainie tu kwamba alitoka, saa tatu na nusu hivi, nami nitaona namna ya kukusaidia."

Mjane aliishika kalamu. Aliitazama Taa ile ya mwisho, herufi zake zimekimbizwa, kama za mtu aliyechelewa. Akairudisha kalamu mezani.

"Huyu hakutoka, baba. Mlimtoa."

Barua hakupata. Mkaguzi alipokuja alikuta saa imeshajazwa, kwa mwandiko mwingine. Watu wa fidia wamefunga faili.

Wiki ileile shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, alipigiwa simu kutoka ukumbini. Ana watoto wawili; alikubali. Sasa ndiye anayepanda. Wanakaa nyumba moja, kwa hiyo kila asubuhi mjane ndiye anayemfungia chakula.