Mguu wa Mashine ya Ipole

Ukitaka kumuudhi fundi Adinani wa Chemchem, Tabora, mwambie kwamba kitu fulani hakitengenezeki. Babu yake alifua makufuli ya masanduku ya misafara, enzi za wapagazi wa kwenda Ujiji. Baba yake alifufua baiskeli ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Naye, tangu ajifunze kuchomelea alminiamu, hajamrudisha mtu na chombo chake kibovu. Sifa hiyo aliipenda, tena aliipenda kupita kiasi, na hapa hatutamfichia.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa bado haijaachia, walifika wageni wawili kutoka Ipole na mzigo ndani ya gunia. Mzee Bundala, mwenyekiti wa kikundi cha warina asali, aliketi kwenye benchi. Fikiri, aliyemwoa bintiye Kabula, alibaki getini, uso ameugeuzia barabarani. Adinani alijua kwamba kwa Wanyamwezi mkwe hakai bega kwa bega na baba wa mkewe. Lakini kusimama kwa heshima anakujua, na huku hakukuwa kwa heshima peke yake.

"Shikamoo, fundi," Fikiri alisema toka huko huko.

"Marahaba. Karibuni. Habari za Ipole?"

"Tupo," akajibu Bundala. "Tumezika."

"Mmezika nani?"

"Sixbert, mwanangu. Miezi miwili sasa."

Adinani aliweka spana chini. Akatoa pole, akaketi, akasikiliza. Kikundi kina boti moja ya kuvushia watu mto Ugalla kwenda kambi ya asali, na mwendeshaji wake ni Fikiri. Mwezi wa nne, mto ukiwa umejaa, Sixbert aliumwa na nyoka, kifutu, huko kambini. Wakamlaza botini, gari likawa linamsubiri ng'ambo. Katikati ya mto mashine ikawa inanguruma lakini propela haizunguki. Maji yakawasukuma hadi kwenye matete, wakahangaika na makasia kwa muda wa karibu saa tatu. Walipofika ukingoni, Sixbert alikuwa amekwisha kukata roho, kichwa kikiwa mapajani mwa Fikiri.

"Skrubu ya kumwagia oili ilikuwa imepotea," Bundala alisema, sauti yake haikupanda. "Huyu akaliziba tundu kwa nta. Nta, fundi, kama vile anaziba mzinga. Maji yakaingia, gia zikaliwa."

Fikiri hakujitetea. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kujihukumu kabla ya wengine.

Bundala alifungua gunia. Ndani ulikuwamo mguu wa mashine, yaani ile gia boksi ya chini inayokaa majini na kushika propela. "Kikundi kinataka neno lako. Unatengenezeka, au tutafute mguu mwingine? Ukisema mwingine, wamekata kauli aulipie huyu. Atauza mizinga yake yote. Nami sikuwapinga."

"Niachieni mpaka alasiri," alisema Adinani.

Walipoondoka, aliuosha mguu ule kwa brashi. Tope lilipotoka, alama ikajitokeza: nukta tatu zilizopigwa kwa tindo ubavuni, kando ya mshono wa kuchomelea. Hakuna fundi mwingine Tabora anayeweka nukta tatu. Ilikuwa kazi yake ya mwaka jana, mguu ulipopasuka kwa kugonga kisiki. Alikwisha kuusahau. Tena alikumbuka alivyowaambia watu wa Ipole kwamba utapasuka kwingine kote, lakini si hapo.

Ile nta ilikuwa bado ipo kwenye tundu la chini, imeshindiliwa pamoja na uzi wa gome la mti. Hakuigusa. Alifungua skrubu ya juu, akapachika mpira wa pampu ya baiskeli, akauzamisha mguu kwenye beseni la maji, akapampu taratibu.

Kwenye nta hakukutoka kitu. Kwenye ekseli ya propela hakukutoka kitu. Mapovu yalitoka kando ya nukta tatu, madogo madogo, yamejipanga mstari mmoja.

Akautoa, akaufuta, akauzamisha tena, akageuza upande. Mapovu yakatoka pale pale. Mara ya tatu hakuwa anapima tena, alikuwa anaomba.

Alikaa chini na Alhamisi ile aliyouchomelea ikamrudia yote. Kesho yake Ijumaa binti yake Hafsa alikuwa anaolewa, na nyumbani walikuwa wanamwita kila dakika. Alminiamu iliyonyonya oili haichomelewi hivi hivi. Lazima uipashe moto kwanza oili ichemke itoke, usugue, upashe tena, na mwisho wa ufa utoboe tundu dogo ili usiendelee kutembea. Yeye alisugua kwa juu, akachoma, akapaka rangi, akagonga nukta zake tatu, akaenda kuvaa kanzu.

Hapo ndipo shetani alipomkalia karibu, tena alikuja na maneno ya huruma. Tengeneza tu, alimwambia. Saga mshono wa zamani, choma upya kwa utaratibu wake, badilisha gia na beringi. Mguu utafanya kazi, Fikiri hatauza mzinga hata mmoja, na wewe utabaki fundi asiyemrudisha mtu. Mashine ya kusagia ilikuwa pale mezani. Dakika kumi tu, na mshono ule usingeonekana na mtu yeyote mpaka kiama. Ingebaki nta ya kulaumiwa.

Aliswali Adhuhuri bila kujua amefika rakaa ya ngapi. Aliporudi aliishika ile mashine ya kusagia, akachomoa waya wake ukutani, akaifungia kabatini. Alijiogopa.

Alasiri wageni walirudi. Fikiri alisimama pale pale getini.

"Mzee Bundala," alisema Adinani, "huu hautengenezeki."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake ndani ya karakana ile. Fikiri aliinamisha kichwa. Bundala alishusha pumzi, akaanza kukunja gunia.

"Ngoja. Sijamaliza. Nikiutengeneza nitafuta ushahidi wake. Mwite mkweo aje hapa."

"Anasikia akiwa pale."

"Hili si la kusikia, ni la kuona. Naomba mwite."

Bundala alisita, kisha akasema bila kugeuka, "Mkwe, sogea." Fikiri akaja, akasimama upande wa pili wa beseni.

Adinani akazamisha mguu, akapampu. Mapovu yakapanda kwenye mstari wake. Wazee wawili na kijana mmoja wakayatazama.

"Yanatoka wapi haya?" Bundala aliuliza.

"Kwenye mshono wangu. Hizi nukta ni zangu. Nilichoma kwa haraka, nilikuwa na harusi ya binti yangu kesho yake, sikuitoa oili kwenye alminiamu. Maji yaliingilia hapa." "Tazama na nta. Haijatoa hata povu moja. Mguu unakaa kwenye maji baridi, nta haikupata moto wa kuyeyuka. Mkweo hakukosea, mzee. Aliyekosea ni mimi, na kijana wako amefia kwenye kosa langu."

Alitarajia kofi, au laana. Bundala aliweka kidole majini juu ya mshono, mapovu yakamgonga kidoleni.

"Pampu tena," alisema. Adinani akapampu. "Tena."

Alipotoa mkono, alijifuta kwenye suruali. "Mguu mpya."

"Nitautafuta mimi. Nikikosa hapa nitaufuata Mwanza."

"Sikuulizi hilo. Huu wa zamani usiutupe. Kesho utaupakia pamoja na beseni lako na pampu yako, uje Ipole. Utakionyesha kikundi kama ulivyonionyesha mimi. Halafu utaingia ndani umwambie mama yake Sixbert kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia hata neno."

"Nitakuja."

"Sijakusamehe, fundi."

"Sijaomba, mzee."

Fikiri alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. Alipitisha ukucha kwenye ile nta, akaibonyeza, akakinusa kidole. Bado ilikuwa na harufu ya asali. Akalia waziwazi mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa aibu kubwa.

"Ilishika," alisema. "Baba, ilishika."

Bundala alizunguka beseni. Hatua tatu za kumsogelea mkwewe hakuwa amezipiga tangu siku ya mazishi. Akachuchumaa karibu naye, bega likigusana na bega la yule aliyepiga magoti.

"Kabula yupo kwangu tangu tuzike," alisema. "Mimi ndiye niliyemzuia asirudi kwako. Kesho njoo umchukue."