Tendegu la Mchagoni

Jumamosi asubuhi Twalibu alikaa kibarazani kwake, Kibiti, akalilaza tendegu la kitanda mapajani na kuanza kulipiga randa. Lilikuwa la mninga, refu na lililonyooka. Alikuwa nayo mawili, akachagua hilo kwa kuwa mwenzake alikuwa na matundu ya misumari ya chandarua. Alitaka kulifanya shingo ya gitaa.

Gitaa lenyewe alilipata shirika la korosho lilipouzwa. Bendi ya shirika haikuwamo katika mipango ya mwekezaji, kwa hiyo kila mwanamuziki aliambiwa aende na alichokishika. Mpiga ngoma alikwenda na ngoma. Mwimbaji alipewa mkono wa kheri, maana sauti ilikuwa yake tangu mwanzo.

Shingo ya zamani ilivunjika siku mkewe, Muzdalifa, alipohama. Twalibu alikuwa amempa talaka moja mbele ya wageni, kwa kosa la kusema, huku akipakua wali, kwamba nyimbo nne zilizompatia mumewe jina redioni zilikuwa zake yeye. Twalibu alicheka. Muzdalifa akarudia polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Wageni wakaacha kutafuna, na talaka ikatoka. Kila mtu alijua kwamba Twalibu huamka asubuhi na wimbo kichwani, umekamilika pamoja na kiitikio. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia.

Kaka zake Muzdalifa walikuja kutoka Kiongoroni kuchukua vyombo. Kabati lilipofika mlangoni liliinama, likaliegemea gitaa, na shingo ikakatika. Kitanda kilizusha maneno, kwa kuwa mume na mke walikuwa wamekinunua kwa kuchangia. Wazee wa mtaa walikaa, wakanywa kahawa, wakaamua kwa haki: kikatwe katikati, upande wa miguuni uende Kiongoroni, upande wa mchagoni ubaki Kibiti. Msumeno ukaazimwa. Hakuna aliyeuliza maneno ya kitandani hukaa upande gani.

Basi Twalibu alichonga. Aling'oa kwa koleo vile vyuma vyembamba vya shingo ya zamani, akavipanga kwa mfuatano juu ya gazeti, kisha akavipigilia kimoja kimoja kwenye mninga. Shingo ilipoingia katika tundu lake mwilini mwa gitaa ilicheza kidogo, akaikazia kwa kipande cha boksi la kiberiti. Skrubu nne alizisugua kwenye sabuni ya mche ili ziingie bila kuupasua mti, akazifunga kwa nyuma kupitia bamba la chuma, mshazari kwa mshazari, asije akaipinda shingo. Akavalisha nyuzi mpya.

Haidari, fundi redio wa jirani, alileta betri ya gari na spika. Twalibu akaupiga ule uzi mnene. Spika ikasema, kwa sauti ya Muzdalifa, "Sogea huko, umelalia kanga yangu."

"Waya haujashika vizuri huo," alisema Haidari, akaukaza.

Twalibu akapiga tena.

"Nimesema sogea."

"Si waya," alisema Haidari. "Mti umelala na watu miaka yote hiyo, ulitaka uimbe kaswida?"

Twalibu akasogea kidogo kwenye kigoda. Kisha akapiga wimbo wake wa kwanza. Vidole vilikwenda kama kawaida, lakini kilichotoka kilikuwa sauti ya chini ya mtu anayesema karibu na sikio la aliyelala. Muzdalifa alijaribu mstari, akaufuta, akaweka mwingine, akajichekea. Nyuma yake mtu alikoroma kwa mpigo mzuri. Twalibu aliutambua mkoromo. Nyimbo zote nne zilikuwa hivyo hivyo.

Bi Tabu, ambaye chumba chake kiligusana ukuta na cha Twalibu, alitoka na ungo wake wa mchele.

"Ongeza sauti, mwanangu, huo wa tatu. Ukutani ulikuwa unanifikia nusu nusu."

"Kwani ulikuwa unajua, Bi Tabu?"

"Mtaa mzima tunajua, baba. Tukadhani na wewe unajua, ila ni mkavu wa macho."

Akaendelea kupeta.

Tangu siku hiyo, jioni, akishakula ugali wake wa mtu mmoja, Twalibu aligusa nyuzi tupu tu ili apate yale maneno madogo. "Mlango umefunga?" iliuliza spika. "Nimefunga," alijibu. "Mvua hiyo, ondoa nguo." Alitoka nje, akatazama kamba isiyo na nguo, akarudi. Alitamani kusikia kama anakumbukwa. Lakini mti ulijua yaliyosemwa tu, na juu ya kukumbukana haukuwa na neno, kwa kuwa wawili hao hawakuwahi kulala mbalimbali.

Kisha akaja Mtoro, kaka wa Muzdalifa, aliyeleta kamba wabichi wa delta sokoni.

"Shemeji, dada anakusalimu. Anasema eda haijaisha. Siku utakayosema mbele za watu kwamba nyimbo ni za Muzdalifa, anarudi na nusu yake ya kitanda."

"Kusema tu?"

"Kusema tu. Mimi nilimshauri adai na kabati ulibebe wewe, akakataa."

"Mwambie aje harusi ya Zamda wa Haidari," alisema Twalibu. "Nitasema."

Na alikusudia. Aliifanyia mazoezi sentensi ile mbele ya kuku, na kuku waliipokea vizuri.

Siku ya harusi Muzdalifa alikuja kabla ya adhuhuri, akakaa mkekani na wanawake. Mtoro aliiegemeza nusu ya kitanda kwenye ukuta wa Haidari, na wanaume wakatundika kofia zao juu yake. Twalibu akapiga nyimbo zote nne. Watu walicheza. Mabwana wawili wa ofisini, waliotoka Utete, waliuliza sauti ile inatoka kwenye mtambo gani. Wakaambiwa ni mninga, wakaridhika.

Mshereheshaji akamshikisha Twalibu kipaza sauti. "Mtunzi wetu, neno kidogo."

Sentensi ilikuwa mdomoni. Mabwana wa Utete walikuwa wameweka chini mapaja ya kuku ili wamtazame vizuri. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu yeyote amtazame hivyo. Twalibu alimshukuru Haidari kwa betri. Aliwashukuru wazee wa mtaa kwa kugawa kitanda kwa haki. Alimshukuru mwenye koleo, na mwenye randa, na aliyemuuzia sabuni.

Mkono wake wa kushoto, kwa kukosa la kufanya, ulipanda shingoni hadi vyuma vya mwisho karibu na skrubu, ambako nyumbani hakuwahi kufika. Gitaa likasema, "Wakikuuliza ni za nani, Twalibu, sema basi."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. "Sema basi!" waliitikia wanawake. "Sema basi!" wakajibu wanaume. Mpiga ngoma akaupata mpigo. Muzdalifa peke yake hakuitikia. Alikuwa akimtazama mumewe, vidole vikiwa bado na wali.

"Ahsanteni sana," alisema Twalibu kwenye kipaza sauti. Na kwa kuwa watu walikuwa wanangoja, akaendelea kupiga.

Muzdalifa alisubiri wimbo ufike mwisho, maana ulikuwa wake. Kisha akanawa, akamfuata Mtoro. Wakawaomba wanaume waondoe kofia zao, wakainua nusu ya kitanda, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakashika njia ya Nyamisati kwenye boti. Eda iliisha wakati mpunga unachanua.

Siku hizi hakuna harusi, kuanzia Kibiti hadi Mbwara, inayotawanyika kabla ya "Sema basi". Twalibu hufikisha mkono kwenye vyuma vya mwisho, mti husema, watu huitikia hadi wapate vikohozi, na mshereheshaji huwakumbusha wageni jina la mtunzi. Twalibu huinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, akiangalia skrubu zisilegee.