Kofia ya Lindley Garbutt

Kofia ya timu ya kriketi ya kaunti ya Wexmere hainunuliwi dukani. Ni ya kijani iliyokolea, ina korongo mweupe juu ya ukingo, na mchezaji hupewa siku ambayo klabu imeamua kwamba sasa ni mtu wake. Wengine huipata mwaka wa tatu, wengine wa tano. Lindley Garbutt alikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja. Alikuwa mrushaji wa mipira ya kasi, ingawa kasi yenyewe ilishaanza kumkimbia, na bado alivaa kofia isiyo na korongo, ile ile wanayopewa vijana walioletwa kwa majaribio.

Hakuwahi kuiomba. Kofia hiyo haiombwi. Lakini mwezi wa Aprili kocha Merrick alimvuta kando, akamwambia amlete baba yake kwenye mechi ya Skelby mwezi wa Agosti, na mzee avae koti zuri. Lindley alielewa. Wiki moja kabla, Bi Enid wa chumba cha vifaa alikuwa amempima kichwa kwa utepe, akidai anataka kujua kama kichwa cha mtu huvimba akifikisha miaka thelathini na minne.

Skelby ni mji mdogo wa pwani, na kila Agosti kaunti huenda kucheza huko mechi moja. Hapo ndipo Lindley alipozaliwa. Baba yake, Cyril, fundi mstaafu wa mabasi, hukaa kwenye kiti cha turubai pembeni mwa uwanja, upande wa kanisa, na chupa yake ya chai na mikate ya matango, akiwalaani waamuzi. Lindley alipompigia simu kumwambia kuhusu koti, mzee aliuliza kama koti la msiba litafaa. Kufikia jioni baa nzima ya Nanga ilikuwa na habari.

Mwezi wa Juni mkurugenzi wa klabu, Rupert Ansell, aliwaita wachezaji wote. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa mkopo mpya alipie mkopo wa zamani. Paa la jukwaa jipya lilikuwa bado linadaiwa, alisema, na wanachama walikuwa wanazeeka na kufa haraka kuliko walivyokuwa wanajiunga. Sasa televisheni imekubali kuwaonyesha moja kwa moja, kwa sharti kwamba wawe na jina kubwa. Jina lenyewe limepatikana: Brodie Kessell, mpigaji kutoka Australia, kwa wiki tatu. Na mechi ya Skelby itachezwa hapa makao makuu, kwa sababu malori ya kamera hayapiti kwenye lango la kule, wala kule hakuna taa.

"Na Agosti yangu?" Lindley aliuliza watu walipokwisha kutoka.

"Agosti yako ipo, Lindley. Nani kasema haipo?" Ansell alikuwa anatazama simu yake. "Tunabadilisha uwanja tu, ndugu yangu. Kofia ni ile ile."

Kessell alikuja na mabegi sita na tabasamu la kweli. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuudhi Lindley zaidi, maana mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Alisalimia hata wafua nguo. Alisikia wenzake wakimwita Lindley "Babu", naye akamwita Babu, na kila asubuhi alimuuliza goti limeamkaje. Lindley alimrushia mipira ya mazoezi saa nzima, na Kessell aliipeleka ukutani kama anayepunga nzi.

Asubuhi ya mechi ya Agosti, ile ya televisheni, saa moja kabla ya sarafu kurushwa, Ansell aliingia chumba cha kubadilishia nguo pamoja na msichana aliyevaa vidude vya kusikilizia masikioni. Televisheni inataka kitu cha kufungulia kipindi, Ansell alisema. Kitu chenye mila. Wamefikiria kumpa Brodie kofia ya kaunti.

Merrick alitazama viatu vyake.

"Hajacheza hata mechi moja," alisema nahodha.

"Ndiyo maana tunampa leo. Kesho haitakuwa habari."

"Na nani ana kofia? Kofia hushonwa mwezi mzima," nahodha alisema tena.

"Ipo moja tayari kwa Enid," Ansell alijibu, na kwa mara ya kwanza akamtazama Lindley. "Tutashona nyingine, Lindley, mambo yakitulia. Ila kuna jambo lingine. Mila inasema kofia hukabidhiwa na mchezaji mwenye miaka mingi zaidi klabuni. Huyo ni wewe."

Lindley angeweza kukataa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa, na kila mara alipata jibu lile lile: mkataba wake ulikuwa unaisha Septemba, na Ansell ndiye mwenye kalamu.

Bi Enid alileta kofia ikiwa ndani ya karatasi laini. Alimpa Lindley, akageuka, akaanza kukunja taulo zilizokwisha kukunjwa.

Walimkabidhi Kessell mbele ya jumba la wachezaji. Watu wakapiga makofi, Lindley akampa mkono, kisha yule msichana akasema samahani, wakati huo yalikuwa yanapita matangazo ya bima, warudie. Lindley akaichukua kofia kutoka kichwani kwa Kessell. Akasimama alipoambiwa asimame, akaishika kwa mikono miwili alivyoelekezwa, korongo akitazama kamera, na kungoja. Alingoja sekunde kumi na tano hivi. Kisha akaitoa mara ya pili.

Walipokuwa wanarudi ndani, Kessell aliivua kuitazama.

"Babu, humu ndani pana jina limeshonwa. L. Garbutt. Ndiye nani huyo?"

"Mchezaji wa zamani," Lindley alisema.

Simu ya baba yake ilimfikia wakati wa chakula cha mchana. Kwa nyuma zilisikika glasi.

"Tulikuona," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Safari ya huko siiwezi tena, na nyumbani hatuna hiyo chaneli, nikaja hapa Nanga. Wakakuonyesha wewe kwanza. Wewe peke yako, na kofia mkononi." Alikohoa. "Mwenye baa alipiga kengele. Nikawanunulia watu wote bia, Lindley. Nilikuwa bado napewa mikono ya pongezi ndipo yule mgeni akaingia kwenye picha."

Lindley alisogeza sahani yake kando.

"Si kosa lako, mwanangu. Wamekunywa tu. Huwezi kumwambia mtu atapike bia."

Kessell alicheza wiki zake tatu. Alipata mbio mia moja na kumi siku moja, siku nyingine alitolewa kwa mpira wa kwanza tu, kisha akaenda kwenye ligi nyingine katika nchi nyingine, ambako walikuwa na kofia ya rangi nyingine. Ile ya kijani aliiacha kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo. Huenda alisahau, huenda mabegi yalijaa.

Ansell alimkuta Lindley akiitazama.

"Afadhali," alisema. "Haina hata jasho. Na jina lako limo tayari, hatuna haja ya kulipia nyingine. Njoo Jumatatu ofisini nikukabidhi rasmi. Hapo hapo tuzungumze kuhusu Septemba. Sitakuficha, Lindley, kuna mrushaji kutoka ng'ambo tunamtazama."

Alipotoka, Lindley alichukua kofia akaenda kwa Bi Enid. Akamwomba mkasi mdogo. Mama yule aliangalia kofia, akamwangalia yeye, akampa mkasi na kumsogezea taa. Lindley alikata uzi mmoja mmoja, polepole, mpaka kitambaa chenye jina lake kikatoka chote bila kuchanika. Kofia akairudisha kwenye msumari.

"Atauliza," Bi Enid alisema.

"Mwambie utashona jina la huyo wa ng'ambo."

"Mimi sishoni tena," Bi Enid alisema, na kuendelea na taulo zake.

Jumatatu Lindley hakwenda ofisini. Alikwenda Skelby, akamkuta baba yake Nanga, akaweka kile kitambaa juu ya meza. Mzee alivaa miwani, akasoma, akakigeuza kuona kama nyuma kuna kingine.

"Na kofia yenyewe?"

"Wamebaki nayo."

Cyril alikikunja, akakiingiza kwenye kifuko cha miwani, akafunga. Mwenye baa aliwauliza kama awawashie kriketi, leo Wexmere wanaonyeshwa.

"Weka mbio za farasi," mzee alisema.