Tukosee Kwanza

Jamani, mtu akitaka kuniua kabla ya siku zangu asihangaike na sumu. Aniletee tu mwanafunzi mwingine wa ualimu mwenye beseni la maji, jiwe, kijiko na kizibo cha chupa, aniambie, "Mwalimu, nimeandaa somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama." Nitaanguka hapohapo.

Nafundisha watoto wa miaka mitano kwenye kituo cha chuo kikuu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Watoto wananiita Mwalimu Bibi. Chuo kilijenga kituo hiki ili wanaosomea ualimu wa chekechea wapate pa kujifunzia, ndiyo maana ukuta mmoja wa darasa langu ni kioo. Sisi tukikitazama tunajiona wenyewe, lakini nyuma yake kuna chumba chenye viti, wanafunzi wamejaa na madaftari wanatuchungulia. Eti watoto hawajui. Wanajua tangu siku ya kwanza! Wanabandika pua pale, wanapunga mkono, na mmoja alishawahi kuwaambia walio nyuma waache kucheka kwa sababu ni saa ya kulala.

Sasa somo la kuelea na kuzama ndilo lililowekwa kama mfano kwenye mwongozo wa wanafunzi hao. Mfano tu! Lakini nani wa kujisumbua kubuni jingine? Kila anayekuja kufanyiwa mtihani wa kufundisha anakuja na beseni. Mwaka huu peke yake watoto wangu walikuwa wameshaliona jiwe likizama mara kumi na moja.

Na hapa nina jambo langu, naomba nilitoe mapema lisije likanikaa kooni. Miaka mitatu iliyopita alikuja mwanafunzi mmoja, akauliza, "Jiwe litaelea au litazama?" Darasa zima likajibu, "Litazama!" Somo likaisha kwa dakika tatu. Fomu ya mtihani inataka mtoto aanze na wazo lisilo sahihi, aone kwa macho yake, ashangae, ndipo agundue. Yule binti alitoka analia. Nikamwonea huruma, na kwa kweli nilikuwa nimechoshwa na vilio. Kesho yake nikawaambia watoto, "Wageni wenye karatasi wakija, tunakosea kwanza, halafu tunashangaa." Wakaupenda mchezo huo kuliko bembea. Wakubwa walipokwenda darasa la kwanza waliwaachia wadogo, nami sikuwazuia. Wanafunzi wakawa wanafaulu, chuo kikanisifu, nikapewa cheti cha mwalimu mlezi bora. Kinaning'inia pale juu ya kabati la rangi.

Ndipo muhula huu nikaletewa Samahani.

Jina hilo tulimpa siku ya kwanza. Aligonga mlango, samahani. Akagongana na kiti, akakiomba kiti samahani. Binti wa miaka ishirini na nne, mrefu, mpole kupita kiasi, na aproni yenye mifuko sita aliyoshonewa na mama yake, ambaye ni fundi cherehani. Mama huyo alinipigia simu wiki hiyohiyo. "Dada yangu," akaniambia, "nakukabidhi mwanangu. Akianguka safari hii ndiyo basi, chuo kinamtoa. Na tangu yuko mdogo hivi hajataka kazi nyingine." Maana alishaanguka muhula uliopita, kwenye kituo kingine. Ameanguka kwa nini? Alikaa kumsikiliza mtoto mmoja akisimulia habari za jino lililong'oka, mpaka muda ukaisha na andalio lake la somo halijafika hata nusu.

Hata kwangu alikuwa hivyohivyo. Namwambia waweke watoto kwenye duara, dakika kumi zimepita, duara halipo, yuko chini ya meza na mtoto wanamtazama mdudu. Nilifika nyumbani nimefura. Mume wangu, fundi bomba, mtu wa maneno machache, akawa ananisikiliza huku akikata kucha. "Lakini mdudu mwenyewe waliona?" akauliza. Nikamwambia anyamaze.

Siku tatu kabla ya mtihani nikamuuliza Samahani anafundisha nini. Mnajua jibu.

"Samahani, Mwalimu," akaongeza, "ila niliwahi kuona kama... watoto wanashangaa wote kwa pamoja. Kama wanahesabu moja mbili tatu."

"Wewe fuata andalio lako," nikamjibu. "Watoto niachie mimi." Akanitazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. Nilijua amenielewa, na nilichukia kueleweka.

Siku ikafika. Mtahini wetu ni mhadhiri mwembamba mwenye miwani ya kamba, na kwa kuwa chuo kizima kinamwita Daktari, watoto wangu wanaamini anachoma sindano. Aliketi kwenye kiti chao kidogo, magoti yamemfika kidevuni, fomu mapajani. Mtoto mmoja akaficha mkono nyuma.

Mimi nikapitisha jicho mezani. Beseni lipo, maji yapo. Kijiko, kizibo. Jiwe? Jiwe letu, lile la mviringo kutoka kikapu cha dirishani, halipo. Badala yake Samahani akaingiza mkono mfuko wa nne wa aproni akatoa jiwe la kusugulia miguu! Lile la kijivu lenye vitundu, la bafuni! Damu ikanipanda. Kikapu kizima cha mawe kiko hatua mbili kutoka kwake, yeye analeta mezani kitu cha visigino vya mama yake. Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikaonyesha kikapu kwa kidevu mpaka shingo ikaniuma. Akaniambia kwa midomo tu, bila sauti, "Samahani."

Akawazungushia watoto jiwe walishike. Kisha akauliza, "Nikiliweka kwenye maji, litafanya nini?"

Watoto wangu wakatazamana. Kuna msichana mmoja namwita Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa kesi hata ya nani amwage maji ya brashi. Yeye ndiye kiongozi wa mchezo. Akainua mkono, sauti tamu kabisa. "Mimi nadhani litaelea."

"Litaelea!" wengine wakaitikia, wakichekeana chinichini. Walikuwa wameshaanza kufungua midomo kwa ajili ya mshangao.

Samahani akaliweka jiwe majini, taratibu. Akaondoa mkono.

Jiwe likaelea.

Darasa likanyamaza kama maji mtungini. Nimefundisha miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia ukimya wa namna ile kwa watoto kumi na wanane walio macho. Midomo iliyofunguliwa kwa mchezo ikabaki wazi kwelikweli. Kijana mmoja akalisukuma jiwe chini kwa kidole, likaibuka. Akalisukuma tena, likaibuka. Nami huku ukutani sikuwa na tofauti nao. Nimejisugua visigino kwa mawe ya namna hiyo tangu nina akili, chini ya bomba, na sikuwahi hata siku moja kulitia moja kwenye beseni.

Halafu Wakili akaangua kilio.

"Tumepatia!" akalia. "Tulitakiwa tukosee! Wageni wakija tunakosea kwanza, halafu linazama, halafu tunashangaa! Sasa tumepatia!"

Loo, nikatamani sakafu ipasuke. Daktari akainua uso kutoka kwenye fomu. Akamtazama mtoto, akamtazama Samahani.

"Watoto hawa wamefundishwa kujibu," akasema polepole. "Wamefanyishwa mazoezi ya mtihani. Nani aliyewafundisha?"

Samahani akageuka akanitazama. Mara moja tu, haikufika hata sekunde. Kisha akatazama mikono yake. "Samahani, Daktari," akasema, na akaishia hapo.

Nitasema ukweli, nilinyamaza. Nikaona cheti changu juu ya kabati. Nikaona kioo kile na nyuma yake wanafunzi wa mwaka wa pili wote wamejipanga wananisikiliza. Nikajiambia, huyu binti ni mzembe kiasi gani jamani, si aseme tu kwamba si yeye! Hasira yote ilikuwa kwake, kwa kutonitaja. Daktari akashusha kalamu kwenye kile kisanduku cha mwisho cha fomu, kile kinachoandikwa neno moja, na nikakumbuka sauti ya mama yake kwenye simu. Nakukabidhi mwanangu.

"Ni mimi," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Ni mimi niliyewafundisha. Miaka mitatu sasa. Huyu hakuwafundisha kitu, huyu ameharibu mchezo wangu." Nikaizidishia sauti ukali. "Na nyinyi nanyi! Beseni, beseni, beseni, kila siku beseni! Fomu inataka watoto washangae. Mtoto atashangaaje jambo aliloliona mara kumi na moja? Nikawafundisha kushangaa! Mlitaka nifanye nini?"

Daktari akavua miwani. "Kwa hiyo wale wote niliowapitisha..."

"Ndiyo."

"Ule mshangao niliouandikia makala..."

"Hata huo, Daktari."

Akakaa akiikanda pua yake kwa vidole viwili. Alionekana amechoka kuliko mimi, na mimi ni wa kuombewa. Wakati huo hakuna mtoto aliyekuwa anatusikiliza. Samahani alikuwa amepiga magoti sakafuni, amemkumbatia Wakili na kumfuta machozi kwa pindo la aproni, na anamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyejua kabisa, "Kwani unadhani kwa nini limeelea?" Andalio lilikuwa chini ya beseni, limelowa chapachapa.

"Lina vitundu," Wakili akasema, kamasi zikimtoka. "Labda lina hewa. Kama mkate."

"Mkate unazama!" akapinga kijana wa kidole.

"Uliujaribu?"

"Hapana."

"Mwalimu, tuna mkate?"

Wakakimbilia mifuko yao ya chakula, wote kwa wakati mmoja, viti vikianguka. Ningewapigia kelele, lakini Daktari aliinua mkono kunizuia. Akavaa miwani yake. Akaandika muda mrefu, ukurasa mzima na nyuma yake, na kwenye kile kisanduku cha mwisho nikaona kwa macho yangu, maana nilisogea bila aibu, ameandika Amefaulu.

Kisha akasimama, magoti yakalia. "Mwalimu," akaniambia, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma, "Jumatatu darasa hili atalishika yeye. Wewe tutakuwekea kiti nyuma ya kioo. Na daftari. Utakaa mwezi mzima, uandike unachokiona."

Nyuma ya kioo! Mimi! Nilikwenda mpaka kwenye beseni ili nisisimame mbele ya mtu yeyote. Maji yalikuwa yamejaa makombo. Jiwe la mama fundi cherehani lilikuwa linazunguka taratibu katikati ya vipande vya mkate. Wakili akanivuta sketi.

"Mwalimu Bibi, wewe ulijua kama litaelea?"

"Sikujua," nikamwambia.

Akanichunguza uso. "Basi na wewe shangaa."

Nikapanua macho, nikafungua mdomo, nikaweka mkono kifuani, kama nilivyowafundisha.

Wakili akatikisa kichwa. "Siyo hivyo," akasema. "Kweli."