Kipigo cha Kocha Voigt

Asubuhi ya mechi ya kufunga msimu, mzee Harlan Voigt aliamka amenuna. Si kwamba hakupendwa. Chuo cha Marlow, pale Ohio, kilikuwa kinaupa uwanja mpya jina lake, na heshima hiyo alikuwa ameitamani tangu alipostaafu. Tatizo ni lile bamba la shaba langoni. Waliandika kwamba miaka yote aliyofundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, hakuna timu iliyomshinda.

Uongo mtupu! Viziwi walimpiga.

Enzi hizo walikuja kwa treni, vijana wa shule ya viziwi, na jezi zao za kujishonea. Kila mara kabla ya kuuanzisha mpira walijikusanya duara, wameinama bega kwa bega, ili watu wa Voigt wasione vidole vyao vikipanga mambo. Watu wa Voigt wakavunjika mbavu kwa kucheka. Walipomaliza kucheka, mpira ulishabebwa mpaka nyuma ya mstari wao wa mwisho, na ukabebwa tena. Wiki iliyofuata Voigt akawafundisha wake kusimama duara vilevile, na hakupigwa tena.

Asubuhi hiyo, Voigt alipolalamika juu ya bamba, Dakta Pruitt, mkuu wa chuo, akamvuta kando. Kwa sauti ya asali akamweleza kwamba mechi ile haihesabiki, ilikuwa ya kirafiki tu, tena na watu kama wale. Mfadhili aliyetoa fedha za uwanja anataka kocha asiyeshindwa. Voigt akileta ubishi, uwanja utaitwa kwa jina la mfadhili.

"Na zile nilizowapiga watoto wa sekondari," Voigt akauliza, "mmezitoa kwenye hesabu?"

Pruitt akatikisa kichwa. Hawakuzitoa hata moja.

"Basi na kipigo changu kiwekwe."

"Harlan, usijiharibie. Panda jukwaani, sema asante, ukae."

Akapanda. Bendi iliponyamaza, akasimulia yote, na nahodha wa viziwi akamtaja kwa jina: Lemuel Strand, mpiga chapa wa mjini, yule pale juu kwenye viti vya bei rahisi. Vicheko vikaanza huku na huku.

"Chekeni," Voigt akasema. "Sisi nasi tulicheka."

Bamba likang'olewa kabla mechi haijaanza. Uwanja ukapewa jina la mfadhili, na Pruitt hakumtazama tena Voigt usoni. Iliuma, iliuma sana, lakini mzee hakuomba radhi. Alikipita kiti alichotengewa, akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu, akaketi kando ya Strand.

Uwanjani vijana wa Marlow wakajikusanya duara. Voigt akamwonyesha Strand, kisha kwa vidole vyake vikavu akajaribu kusema: mbinu hii ni yenu.

Strand akatikisika kwa kicheko. Akavishika vile vidole, akavinyoosha kimoja kimoja, akamsahihishia ishara. Voigt akarudia, mbele ya watu wote, mikono juu.