Mteja Hapatikani

Kwenye chumba cha habari walimwita Bi Ndoano, na jina hilo alilipata kwa haki. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaandama wezi wa mitandaoni, wale wanaotega watu kwa ujumbe na kwa simu, na kila makala yake ilikuwa lazima iwe na sentensi ile ile: ukiona mtu anakutia haraka, jua kuna ndoano. Waandishi wa michezo waliifanya sentensi hiyo mzaha. Foleni ya chai ikisogea, mmoja atamgeukia amwambie, "Dada, usinisukume, nanusa ndoano." Naye hucheka. Nani hapendi kujulikana kwa jambo moja analolijua vizuri?

Kazi yenyewe ilianzia kwa mama yake mzazi. Mtu alimpigia mama simu akamwambia mpwa wake yuko hospitali, hali mbaya, daktari anangoja tu asomewe namba ya siri iliyoingia kwenye simu. Mama akaisoma mbio mbio. Laini ikaenda, picha za marehemu baba zikaenda, na wiki nzima ukoo ukawa unapokea ujumbe wa kuombwa msaada kwa jina lake. Binti alimgombeza mama siku hiyo, tena vibaya. "Mama, kwani huna akili?" Alisema hivyo kwa mdomo wake. Mama hakulia, alimtazama tu. "Akili ninayo. Nilishikwa na woga, mwanangu, na woga hauna macho."

Haya, sasa tuje mwaka huu, mwaka ambao woga ulihamia nyumbani kwake na virago vyake vyote.

Kulikuwa na kampuni moja inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali na zahanati. Kwa miezi saba kampuni hiyo iliacha mlango wa nyuma wa mitambo yake wazi. Majina, magonjwa, majibu ya damu, nani ana mimba na nani imemtoka, vyote vikawa vinasomwa na yeyote mwenye kompyuta na roho mbaya. Mafundi wakawaambia wakubwa. Wakubwa, badala ya kufunga mlango, wakawafunga mafundi midomo: wakawasainisha karatasi kwamba atakayetoa siri ya kampuni ataozea jela. Mmoja wa mafundi hao, mtu mpole, baba wa mapacha wa kike waliokuwa hawajaanza hata kutambaa, alishindwa kulala na siri hiyo. Akampa Bi Ndoano nyaraka.

Walionana uso kwa uso mara mbili tu, kwenye benchi la kungojea daktari wa meno, mahali ambapo hakuna anayeshangaa ukikunja uso. Fundi alikuwa na kikohozi kidogo cha aibu, akikohoa kila mara kabla ya kusema. Walipatana hivi: yeye ndiye atakayemwandikia, jioni, kwa simu nyingine kabisa aliyoificha nyumbani. Bi Ndoano asimtafute kamwe. Namba ya kawaida ya Fundi, Bi Ndoano aliikariri kichwani kwa ajili ya siku ya kufa na kupona, na hakuiandika popote. Tena kazini kwao hata ukipiga ni bure, maana simu zote huzimwa na kufungiwa kabatini getini hadi saa ya kutoka.

"Dua yangu ni moja, dada," Fundi alisema, akakohoa. "Siku ukipitiwa ukanipigia, uambiwe mteja hapatikani. Nisipatikane kabisa."

Walicheka wote wawili. Kisha Bi Ndoano akaacha kucheka, akamshika mkono. "Hutapatikana. Naapa kwa mama yangu."

Tangu kiapo kile, usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kamera ya kompyuta aliibandika plasta ya kidonda. Akitaka kuzungumza jambo la maana, simu yake aliifunika kwenye sufuria na kuisukumia kabatini, mpaka siku moja mama akaibandika sufuria ile jikoni bila kuangalia ndani. "Mwanangu, sasa hata simu tunachemsha?" mama aliuliza, na walicheka. Mara mbili simu iliita ikapokewa na ukimya, mtu anapumua tu. Gari moja la kijivu lilikaa chini ya dirisha siku nne, halafu likaondoka, na kuondoka kwake kulimtisha kuliko kukaa kwake.

Aliyahofia hayo yote, akayafungia milango. Mlango aliouacha wazi ulikuwa wa neno moja.

Kila mtambo wa kumbukumbu una nakala ya akiba, ili kikiharibika kitu kisipotee chote. Fundi katika ujumbe wake hakuiita hivyo. Aliiita kibindo, kama lile pindo la nguo kiunoni ambamo wazee walifutika vitu vyao vya thamani. "Mlango uliofunguka ni wa kibindo," aliandika. Bi Ndoano alilipenda neno hilo, akalirudia jikoni akiosha vyombo. Ulevi wake maishani ulikuwa huo, maneno mazuri. Sasa, desturi ya kazi ni kwamba kabla hujamwandika mtu vibaya, umuulize kwanza. Jumatatu akaipelekea kampuni maswali kumi na mawili. La nne lilisema: Je, ni kweli kwamba kibindo cha kumbukumbu za wagonjwa hakikuwa na nywila? Mhariri alilisoma akalipitisha. Na yeye mwenyewe alilisoma mara tatu asione kitu.

Jibu lilikuja Alhamisi, saa tano asubuhi, kwa simu. Alikuwa msemaji wa kampuni, mwenye sauti laini ya mtu anayekuuliza kama umekula.

"Dada yangu, habari za kazi?"

"Nzuri. Mna majibu?"

"Majibu yatakuja kwa barua. Mimi nimependa lugha tu. Hasa swali la nne. Kibindo. Unajua, hapa kwetu tuko watu mia mbili, na anayekiita kitu hicho kibindo ni mmoja peke yake. Bwana mpole hivi. Saa saba tutakaa naye, tuzungumze. Siku njema, dada."

Simu ikakatika. Aliyafungua tena maswali yake kwenye kompyuta, akaliona neno limekaa pale katikati ya la nne kama mtu aliyevaa nguo nyekundu msibani. Mdomo umeponza kichwa, tena kichwa cha mwenzie. Alikwenda chooni, akajifungia, akakaa juu ya kifuniko. Aliwafikiria wale mapacha. Alimfikiria mke wa Fundi, ambaye hakumjua hata sura, akimfungulia mlango askari huku mtoto mmoja yuko begani na mwingine analia ndani.

Mhariri alikuwa mzee wa kazi, mtu ambaye hakuwahi kukimbia hata jengo lilipowaka moto. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tusifanye kitu," alisema. "Wakili wetu anatoka mahakamani saa nane. Atajua la kufanya."

"Bosi, saa nane itakuwa saa saba imeshapita."

"Kuhesabu najua. Ukimtafuta, utakuwa umemtaja."

"Ameshatajwa. Nimemtaja mimi, swali la nne. Sasa nikae hapa ninywe chai?"

Mhariri naye alilipitisha swali lile, na aibu ilimfanya atazame karatasi zake. Bi Ndoano akatoka. Akajilazimisha kukaa mezani kwake, akaitazama saa ya ukutani hadi saa sita, akaona hawezi. Fundi akitoka pale kabla ya saa saba, angalau atawahi nyumbani, ataificha ile simu nyingine, atakutana na wakili akiwa mtu huru. Akitolewa na wao, hakuna tena wa kumsemea. Akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

Mwandishi wa michezo alikuwa mlangoni na kikombe chake. "Taratibu, dada. Mbona nanusa ndoano?"

Siku nyingine angecheka. Alimsukuma bega akapita.

Simu yake mwenyewe aliiacha kwenye droo, maana kuna mambo mwili hujifanyia wenyewe kwa mazoea. Barabarani jua lilikuwa kali, na kila mtu alikuwa na macho. Mwanamume aliyesimama kwenye kivuli cha benki akijipepea kwa bahasha, anampepea nani ishara? Pikipiki iliyopunguza mwendo, imepungukiwa nini? Aliingia kwenye duka la viatu, akatokea mlango wa pili, akavuka barabara, akarudi upande ule ule. Aliogopa kwa namna ambayo hajawahi kuogopa kwa ajili yake mwenyewe, na alitamani sana angekuwa anaogopa kwa ajili yake mwenyewe.

Mwishowe akajitupa ndani ya duka la kutoa fotokopi. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa anabana karatasi za mitihani kwa stepla, rundo moja kulia, rundo moja kushoto.

"Mama, samahani. Naomba nipige simu moja tu. Nina mgonjwa, hali yake mbaya."

Uongo huo ulitoka laini kabisa, wala hakukumbuka ni wapi aliusikia mara ya kwanza. Mwenye duka alimtazama uso mara moja, akamsogezea simu. "Piga, mama. Ugonjwa hauna adabu."

Ilikuwa saa sita na nusu. Alibonyeza zile namba za kichwani. Alijua simu imezimwa, imefungiwa kabatini getini. Alijua, na alishajiandaa kumsikia yule mwanamke wa mitambo akimwambia mteja hapatikani. Alijaribu tu, kama mtu anavyojaribu kitasa cha mlango anaojua umefungwa.

Simu ikaita.

Mungu mkubwa, alisema moyoni, na machozi ya shukrani yakamlenga. Ninyi mnaosikiliza labda mmeshaona. Yeye hakuona. Mganga hajigangi, na mtu aliyefundisha nchi nzima kunusa ndoano alikuwa anaifurahia ndoano inavyoingia shavuni.

Ikapokewa. Hakuna aliyesema. Alisikia kiti kikisogea, na mvumo wa kiyoyozi.

"Ondoka hapo sasa hivi," alinong'ona, amefunika mdomo kwa kiganja. "Wamelijua neno. Kibindo, wamejua ni lako. Usingoje hiyo saa saba."

Halafu ile sauti laini.

"Ahsante sana, dada yangu."

Bi Ndoano alishika ukingo wa kaunta.

"Tumekaa na mafundi tisa hapa tangu saa tano," msemaji aliendelea, bila haraka yoyote. "Simu zao zote ziko mezani, tumeziwasha wenyewe. Tulikuwa tunangoja tu. Hilo neno, kusema kweli, hakuna hapa aliyewahi kulisikia. Ila makala zako mimi nimezisoma zote, na miaka yote hiyo unaandika nakala ya akiba. Nikajiuliza, mara hii kibindo amekitoa wapi? Lazima kapewa. Sikujua na nani."

Nyuma ya sauti hiyo mtu alikohoa kidogo, kile kikohozi cha aibu. Kisha Fundi akasema, kwa utulivu, kama anayeomba kupitishiwa kitu mezani, "Naomba nimpigie mke wangu kwanza."

Simu ikakatika.

Alisimama pale na simu ya watu sikioni. Fundi hakuwahi kulitamka neno lile kazini hata siku moja. Lilikuwa la kwao wawili, na Fundi angalikuwa salama hadi leo kama Bi Ndoano angalikaa kimya kwenye kiti chake na kunywa hiyo chai. Swali la nne lilikuwa kosa, lakini kosa hilo lilikuwa halina jina la mtu. Jina amelipeleka yeye, kwa namba aliyoikariri, kwa kunong'ona. Akamkumbuka mama yake akisoma namba mbio mbio, na akakumbuka neno ambalo yeye mwenyewe alimwambia siku ile.

Akabonyeza tena, akakosea, akarudia. Safari hii haikuita. Yule mwanamke wa mitambo alimjibu palepale, kwa adabu zake zote: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Alimsikiliza mpaka akamaliza, akamsikiliza na akirudia. Kisha akaifuta simu kwa upande wa gauni lake, kwa kuwa ilikuwa imelowa jasho, akamrudishia mwenyewe.

"Vipi, mama," mwenye duka aliuliza, "mtu wako amepatikana?"

"Amepatikana."

"Tushukuru Mungu, basi," alisema yule mama, akavuta rundo la karatasi akaendelea kubana.