Kichwa Changu Kilipoletwa Kuachishwa Ziwa

Usiku wa jana niliota kichwa changu kimeletwa kwangu ili nikiachishe ziwa.

Aliyekileta ni Sista Nakijwa, nesi wetu wa zahanati. Alikuwa amekibeba mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Kilikuwa kichwa changu hasa, na mvi zangu, ila kinanyonya kidole sijui cha nani. Mimi nilikuwa nimejitanda ushungi kama kawaida, na ndani ya ushungi hamna kitu. Hakuna aliyeshangaa. Nikamkaribisha chai, akasema ana haraka.

Akanieleza vilevile alivyonieleza zahanati. Vile vidonge vya huzuni nilivyoanzishiwa baba Tunu alipofariki, sasa naweza kuviacha, lakini taratibu: nusu kwanza, kisha robo, na kila nikipunguza nirudi anione. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nacheka. Watoto wa ukoo huu wote huletwa kwangu kuachishwa, na kwangu ni kazi ya asubuhi moja. Namwambia mama mtu apake shubiri, mtoto anaonja, analia, anabaki na mimi, anasahau. Vidonge nilikuwa nimeshaviacha hivyohivyo, kwa mkupuo, na binti yangu Tunu hajui. Kila asubuhi namwambia nimemeza.

Basi nikakilaza kichwa mkekani, nikachukua kikopo cha vidonge, nikakipaka shubiri. Kichwa kikalamba. Kikakunja uso. Kisha kikageuza macho upande, na taa ya sebuleni ikafanya zzt.

Nikakikanya kisigeuze macho. Kikageuza upande wa pili. Zzt. Redio ikazima. Kuku uani wakakaa chini wote kwa pamoja, kama watu walioshikwa na kizunguzungu.

Niliitambua zzt ile. Ndiyo inayonipita kichwani hata nikiwa macho, tangu niache dawa, nikigeuka tu kutazama jiko. Tunu namwambia ni jua.

Kichwa kinatoka jasho. Kinatapika. Kinalia bila sababu, halafu kinanigombeza kwa kuwa chai ina sukari. Nakibeba, nakibembeleza, naimba mpaka sauti inakauka. Mtoto gani hasahau ikifika jioni? Hiki jioni inafika, inapita, inafika tena, nacho ni kilekile. Mikono yangu inaanza kutetemeka.

Hapo kikopo kikajifungua chenyewe. Kikatoka kidonge kimoja, kimevaa kofia, kimeshika mfuko wa safari. Kikavuta kigoda, kikakaa.

"Kitendawili," kikasema.

Mimi nami kwa vitendawili mnanijua, hata niwe kitandani siwezi kunyamaza. "Tega."

"Mgeni aliingia kwa hatua moja. Ukimtoa kwa hatua moja, nyumba inaanguka."

Nikatafuta jibu. Nikakumbuka kwamba cha kutafutia kiko mkekani. Ndani ya ushungi ulipita upepo tu. Nikakiri sijui.

"Basi nipe mji."

Ndivyo tunavyocheza, aliyeshindwa anatoa mji, na aliyetega anajisifu kidogo kwamba alifika huko akala, akanywa, akashangiliwa, kisha anataja jibu. Nikakipa Korogwe. Hakikujisifu. Kilifungua mfuko, Korogwe ikaingia, na stendi yake na wauza machungwa wake, kikafunga zipu. Kisha kikatega kitendawili kilekile.

Nikalalamika kwamba hakijatoa jibu.

"Na wewe uliponiacha, uliniaga?" kikauliza.

Nikakipa Muheza. Nikakipa Tanga, ikaingia kwa shida kwa ajili ya bandari. Kila mji ulipoondoka, mkeka wetu ulihama. Mara tuko juu ya reli. Mara tuko darasani, katika shule yangu ya msingi, na mwalimu anafuta ubao ambao haujaandikwa. Mara tuko juu ya tangi la maji, kichwa kinalia, na chini hakuna ardhi ya kuweka ngazi.

Mwisho miji ikaisha. Umebaki mmoja, huu wetu, na nyumba moja ndani yake. Tunu yuko uani anapeta mchele.

"Nipe mji, Bibi Hidaya," kidonge kinasema, na zipu iko wazi.

Tunu anaanza kuingia mfukoni, kuanzia miguuni. Hajui. Anaendelea kupeta. Ananitazama, ananiuliza kwa sauti yake ya kila siku, "Mama, mbona unatetemeka? Umemeza dawa?"

Mdomo wangu uko mkekani. Nauona unajiandaa kusema nimemeza. Naukimbilia, naufunika kwa kiganja.

"Sijameza," nikasema, sijui kwa kutumia nini. "Nimeviacha vyote kwa mkupuo. Naogopa, Tunu."

Kichwa kikanyamaza, kwa mara ya kwanza. Kikautoa mkono wangu mdomoni taratibu. "Bibi," kikasema, maana kiliniita Bibi ingawa ni changu, "huyo mgeni si ndiye kidonge mwenyewe? Mgeni aliyekaa miaka hatupwi nje. Anasindikizwa."

Kidonge kikavua kofia. "Umepata. Basi nisindikize. Leo mpaka uani tu."

Miji ikatoka mfukoni mmoja mmoja, Tanga ya mwisho, imekunjamana. Tunu akapata miguu yake, akaendelea na mchele. Kidonge kikajilaza mkekani, kikafumba macho. Kichwa kikakiuma katikati, kikala nusu, nusu kikanitemea kiganjani. Kisha kikapanda shingoni mwangu kama mtoto anayerudi mgongoni, kikalala.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani, Tunu anafagia uani. Nikageuza macho, na zzt ikanipita, ya kweli. Kiganja changu kilikuwa kimefumba. Nikakifumbua. Nusu ya kidonge, imelowa.

Nikamwita Tunu, nikamwambia yote, tangu siku niliyoacha. Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akanishika mkono mpaka ukatulia, akasema tunywe uji kisha twende kwa Sista Nakijwa, atuambie tuanzie wapi upya. Ndipo akauliza kidonge amekikata nani. Nikamjibu ni mimi, labda nimekiuma usingizini.

Akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Akakitazama. Akanitazama mdomoni, akakitazama tena.

Pale palipokatika pana alama za meno, madogo, yamepangana kama punje za mtama, juu na chini. Mimi ya mbele yalikwisha kung'oka yote, na nyumba hii haina mtoto.